Mpira wa Kamera na Jani la Isale

Siku moja naikumbuka kuliko zote, Neema mwanangu, na wala si siku aliyokufa babu yako. Ni siku niliyokaa kwenye ngazi za jiko la mama, wembe mkononi, nikibandika mpira kwenye kamera. Jana ulipokuja na kamera yako, ukaniambia mpira wa pale kidole gumba kinapokaa umevimba na kuachia, na kwamba unataka niugandishe haraka kwa gundi yoyote kwa sababu Jumamosi una kazi ya kupiga picha za kipaimara Machame, nilikujibu kwa ukali. Niliona ulivyoshangaa. Ulidhani baba amechoka, au hajala. Nilikuwa nimekula. Sasa kaa nikueleze, na leo nitaeleza mpaka mwisho, maana hadithi hii sijawahi kuimaliza mbele ya mtoto wangu yeyote.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimebeba mizigo ya wageni mlimani misimu miwili, shingo imeota sugu, magoti yanalia kila nikishuka. Mgeni mmoja, mtu wa maneno machache, tulipofika getini siku ya mwisho aliivua kamera shingoni mwake akanivika mimi. Hakunieleza kwa nini. Enzi zile kamera ilikuwa ya mkanda: unaupachika ndani, unafunga mlango wa nyuma, unapiga picha thelathini na sita, basi, imekwisha, uende mjini zikasafishwe. Ila hii ilikuwa ya betri, inavuta mkanda yenyewe, inatafuta umbali yenyewe, na ukiibonyeza inalia sauti ya kitu cha maana. Nikajiona nimefika. Mlima nikauacha wiki ileile, nikatangaza nyumbani kwamba mimi sasa ni mpiga picha.

Baba yangu hakukataa. Alisema tu, "Haya, tutaona." Kwa wewe usiyemjua nikwambie kwamba kwake hilo lilikuwa neno zito kuliko kukataa. Alikuwa mtu wa kahawa na ng'ombe, na kazi ya kubonyeza kidude aliiona ni mchezo wa watoto.

Sasa yule mgeni alikuwa akijipaka dawa ya mbu kila asubuhi, na dawa ile, wewe mwenyewe unajua, inakula mpira. Kufika Desemba mpira wa kushikia kamera yangu ulikuwa umelainika kabisa. Ulinata kama utomvu wa ndizi mbichi, na kama utomvu wenyewe, ukishika unabaki na weusi kiganjani usiotoka kwa sabuni. Nilikuwa naficha mikono mfukoni nikienda kanisani.

Desemba ya kwetu unaijua. Barabara ya kupanda Machame inajaa magari ya watu wa Dar, Arusha, Mwanza, kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kinapata watu wake, mbuzi wanakosa amani. Mwaka ule lilitokea jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka kumi na moja: sisi watoto saba wa baba mmoja na mama mmoja tulifika nyumbani sote. Na sababu haikuwa nzuri. Baba alikuwa mgonjwa wa moyo. Daktari alikuwa amezungumza na kaka yangu mkubwa, Amini, huyo baba yako mkubwa unayemjua, na Amini akatupigia simu sisi wote mmoja mmoja kupitia kwa majirani, akisema njooni, msitafute visingizio.

Baba aliomba kitu kimoja tu. Alitaka picha. Alitaka akae katikati, mama ubavuni mwake, na sisi saba tukiwa nyuma. Alikuwa hajawahi kupiga picha yoyote isipokuwa ile ndogo ya kitambulisho. Nami ndiye niliyekuwa na kamera, mwanangu. Katika nyumba nzima, kazi ile ilikuwa yangu mimi.

Jioni moja nikiwa naifuta kamera kwa kitambaa mbele ya shemeji zangu, Amini aliitazama mikono yangu akasema, "Mpiga picha gani huyu, mikono kama ya fundi gereji?" Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, lakini iliniingia. Nilijiambia kwamba siku ya picha yenyewe hakuna mtu atakayeniona na mikono ile.

Kesho yake nilishuka Moshi mjini kununua mkanda kwa Mzee Ngowi. Alikuwa na studio yake ndogo jirani na soko, anapiga picha za pasipoti, anasafisha mikanda ya watu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa, kisha akanyoosha mkono apewe kamera. Akaigeuza. Akaunusa mpira. Akaniuliza nafanya nini nao, nikamwambia naubandua leo, naweka mwingine.

"Bandua wote, usibakize," aliniambia. "Ile gundi ya zamani ifute kwa spiriti mpaka plastiki ing'ae. Kata karatasi kwanza, uipime pale, ndipo ukate mpira. Uwe mwembamba. Na ukifika kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, usimame. Usivuke hata kidogo. Ukimaliza, piga mkanda mmoja wa majaribio, uniletee tuutazame, ndipo upige picha za watu."

Nilimwitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku mguu mmoja uko nje. Nilimwona anachelewesha mambo tu. Mkanda mzima wa majaribio, siku mbili kabla ya Krismasi, kwa ajili ya kipande cha mpira? Na kipimo cha karatasi, kana kwamba nashona suti. Nilikuwa na kichwa kigumu, mwanangu, na kibaya zaidi nilikuwa na kichwa kigumu chenye adabu. Wale wanaobisha mtu huwaona. Mimi nilikubali kila kitu na sikufanya hata kimoja.

Mpira wenyewe niliutoa wapi? Bandani kwa ng'ombe. Tulikuwa na tyubu ya tairi la pikipiki, iliyokatwa vipande virefu vya kufungia mizigo ya majani ya ng'ombe tunayopandisha kutoka tambarare. Kila nyumba kule ina vipande hivyo vinaning'inia ukutani. Nilichukua kimoja, nikakiosha, nikakiona ni cheusi kizuri na kigumu, tena kinashika mkono kuliko ule wa kiwandani. Nikaubandua mpira wa zamani kwa mafuta ya taa, nikapaka gundi ya fundi viatu, nikavuta kipande kuanzia mbele, nikakizungusha ubavuni mpaka nyuma. Kwa jicho. Karatasi sikuikata.

Kilivuka ukingo wa mlango kwa upana wa punje ya mchele. Nilikiona. Hapo ndipo sitaki unionee huruma, maana nilikiona kwa macho haya. Nilipofunga mlango haukuingia wenyewe kama zamani, ilibidi niusukume kwa dole gumba mpaka ukalia tak. Nikasema umefunga. Mpira ulikuwa mnene, mlango ulikuwa umekaa juu yake kidogo tu, na katikati umebaki ufa ambao hata unywele ungepita kwa shida. Lakini mwanga haupiti kwa shida popote.

Ilikuwa siku ya pili ya Krismasi, asubuhi, jua limetoka vizuri. Baba aliamshwa kitandani, akanyolewa na Amini, akavalishwa koti lake jeusi ambalo lilikuwa limemzidi kwa sababu ya kukonda. Mama alivaa kitenge kipya. Tulimtolea kiti cha sebuleni, tukakiweka mbele ya ua wa masale, ile mimea yetu ya mpaka yenye majani marefu, unaopakana na kahawa, ili nyuma pawe na majani mabichi. Nikawapanga. Mwenyewe nilikuwa natumia kile kidude cha kuchelewesha, nabonyeza halafu nakimbia kusimama na wenzangu, watu wanaona ni miujiza. Nilipiga picha thelathini na sita zote. Baba peke yake, baba na mama, baba na kila mtoto, sote tisa.

Kabla sijabonyeza ile ya baba peke yake, alinyoosha kola ya koti akasema, "Hii ndiyo mtakayoiweka mbele." Mama akamkemea kwa Kichagga, akamwambia aache maneno hayo. Lakini sote tulielewa ameongelea mbele ya nini. Alikuwa ametulia tu, kama mtu anayechagua shati la safari. Nilipomaliza aliniita, akanishika mkono, akaugeuza akatazama kiganja. Kilikuwa safi. Akaniambia, "Kumbe ni kazi." Miaka yote niliyoishi na baba yangu, sikuwahi kupata neno zuri kuliko hilo.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Ngowi nikiwa natembea kwa maringo. Alichukua mkanda, akaingia chumba chake, nikakaa kwenye benchi nikipiga mluzi. Alipotoka aliubeba kwa vidole viwili, bado unadondosha maji, akaunyanyua dirishani. Ulikuwa mweusi tii toka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na baba, hapakuwa na mama, hapakuwa na mtu. Mwanga ulikuwa umeingia kwenye kila picha, ukaiunguza.

Hakunigombeza. Alichukua kamera, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa mlango mpaka ukakwama kwenye mpira wangu. Akauliza, "Wameondoka?"

"Bado, mzee. Wanaondoka siku ya mwaka mpya."

"Basi hujapoteza kitu." Alitoa wembe kwenye droo, akaukata ule mpira uliozidi, akafunga mlango na kuufungua mara tatu, ukawa unaingia wenyewe. Akaweka mkanda mpya ndani kwa mikono yake. "Panda sasa hivi. Waambie imeharibika, umekosea wewe, mkae tena kesho asubuhi. Watakucheka siku moja."

Kazi ile ilimchukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Nataka ulikumbuke hilo.

Nilipanda Machame nikiwa nimekusudia kabisa kusema. Nilipofika kwenye ua wetu nilichuma jani la isale. Wewe umezaliwa mjini, labda hujaliona likitumika. Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani hilo mkononi, na anayepelekewa akishalipokea hana tena njia ya kukataa kusamehe. Wazee walimaliza ugomvi wa mashamba na wa ndoa kwa jani hilo. Nikalitia kwenye mfuko wa shati, nikashika njia ya uani.

Walikuwa wamekaa uani, majirani wamekuja, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Baba alikuwa ameketi nje kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa. Na alikuwa anazungumza habari zangu. Anawaambia majirani kwamba huyu wa mwisho hatabeba tena mizigo ya watu mlimani, ana kazi ya mikono na akili, jana ametupiga picha sote, mtaziona. Amini akaitikia, "Kweli, baba, nilimdharau bure." Amini alisema hivyo, yeye ambaye hakuwahi kunisifu.

Wakaniona, wakauliza picha ziko wapi. Nikasema, "Zinasafishwa." Wakaridhika. Nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe, nikalitoa lile jani mfukoni, nikalitupa kwenye samadi.

Utaniuliza, kwa nini hukusema tu mpige nyingine, bila kukiri chochote? Nilijaribu, mwanangu. Siku ya tatu yake nilisema, kwa sauti ya mtu anayetania, jamani tupige tena kidogo. Baba alikuwa amerudi kitandani, amechoka na wageni. Amini akaniuliza, "Si ulishapiga? Au zimekushinda?" Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa, nilipaswa kuitikia ndiyo, zimenishinda. Badala yake nikacheka nikasema nilitaka za akiba tu. Siku nne nzima nilikuwa na kamera nzima na mkanda mpya ndani yake, sisi sote saba tuko uwanja mmoja, na baba yangu yuko hai chumba cha pili. Nilikula nao, nikaenda nao kanisani. Halafu nikawapakilia mizigo kwenye gari, nikawapungia mkono.

Hatukukutana tena sote saba, hata kwenye msiba wa baba. Dada yangu mkubwa wa Mwanza, shangazi yako ambaye hukumwona, alizikwa huko miaka miwili baadaye. Mwingine naye akafuata.

Baba aliingia kwenye mvua za masika akiwa hawezi kuinuka. Mara kwa mara aliniuliza, "Picha imetoka?" Nami nikawa namjibu, "Wiki ijayo, baba." Mara nyingine nilimwambia mashine imeharibika, mara nyingine zimepelekwa Arusha. Alikuwa akinijibu, "Haya," kwa upole. Wiki ya mwisho hakuuliza tena, akawa ananitazama tu. Mpaka leo sijui kama alikuwa ameshajua. Alikufa asubuhi moja ya mvua, akiwa bado anasubiri kujiona kwenye koti lake.

Ukiwa mdogo uliwahi kuniuliza kwa nini babu kwenye picha ya sebuleni ana duara kwenye kidevu. Nilikwambia ni alama ya studio. Ile ni picha ya kitambulisho, mwanangu, ya ukubwa wa ukucha, tuliyoikuza ili ikae mbele ya jeneza, na duara lile ni muhuri wa ofisi uliopita juu ya uso wake. Baba yangu alizikwa akiwa na muhuri kidevuni. Watu waliinama kumuaga, wakanong'ona, nami nilikuwa nimesimama pale pale na suti ya kuazima.

Na haikuishia hapo. Siku ya pili baada ya mazishi Amini alinibana: picha za Desemba ziko wapi? Nikasema zimeharibikia studio, kwa Mzee Ngowi. Neno lilitoka lenyewe, kwa sababu kwa miezi ile nilikuwa nimezoea kusema uongo kama nilivyozoea kusalimia. Amini akanishika mkono tukashuka mjini. Aliingia studioni akamtukana yule mzee mbele ya wateja wake, akamwita mzembe, akamwambia amemzika baba yetu mara mbili. Mimi nilikuwa mlangoni.

Mzee Ngowi alinitazama. Alijua kila kitu, na angeweza kunimaliza kwa sentensi moja. Akasema, "Poleni sana na msiba. Ni kweli, mkanda uliharibika." Amini akatema mate kizingitini, tukaondoka.

Nilirudi peke yangu baada ya matanga. Nilitaka kumshukuru. Hakunikaribisha kiti. Akaniambia, "Kwa kaka yako nimekubeba, kwa sababu umefiwa. Kwa mama yako sitakubeba. Huko uende mwenyewe, tena uende mapema." Kisha akanigeuzia mgongo akaendelea kukata picha za pasipoti za mtu. Naye alikufa bila kuona nimekwenda. Familia yetu mpaka leo wakipita pale anapouza vocha yule kijana, hapo palipokuwa na studio, wanasema, hapa ndipo palipounguzwa picha za baba. Nami nilikuwa nikiwasikia nakaa kimya.

Nilikuja kuwa fundi wa kamera, unavyoniona. Watu wananisifu kwamba nakata mpira kwa kipimo, kwamba sibandiki bila kukata karatasi, kwamba simrudishii mtu kamera bila kuijaribu. Wanadhani ni ustadi. Kila ukingo wa mlango ninaoupitishia ukucha, natafuta ile punje ya mchele, na nikiikuta ama nisipoikuta, haibadilishi kitu.

Mama aliishi na maswali yake. Miaka ilivyokwenda alianza kunidadisi mambo madogo. Hivi siku ile baba yenu aliachwa na sharubu, au Amini alizinyoa zote? Koti lilikuwa na vifungo viwili au vitatu? Halafu siku moja, tukimenya ndizi za mtori, akasema bila hata kunitazama kwamba uso wa mumewe umeanza kumtoka. Anakumbuka sauti, anakumbuka mikono, lakini akifumba macho kuutafuta uso anaona ile picha yenye muhuri. Nilimwambia, "Pole, mama." Ndilo nililoweza. Bado nilikuwa na nafasi, alikuwa na akili zake zote, kisu mkononi, yuko mbele yangu. Nikamenya ndizi.

Mwaka jana, baada ya daktari kuniambia na mimi moyo wangu si mzima, nilipata woga wa aina nyingine, na woga huo ndio ulionipandisha. Nilifika Machame mchana, nikachuma jani la isale kwenye ua uleule tulioweka kiti. Mama alikuwa amekaa kibarazani na shuka mapajani. Nikapiga magoti mbele yake, mtu mzima mwenye mvi, nikamweleza kila kitu. Nilimweleza habari za mpira na ule mlango, nikamweleza zile siku nne na Mzee Ngowi. Nililia mpaka nikashindwa kupumua. Kisha nikamnyooshea lile jani kwa mikono miwili.

Alilipokea. Akalilaza kwenye shuka, akawa analinyoosha kwa kidole, taratibu, kutoka shina hadi ncha, kama anapiga pasi. Akasema, "Aika," ile asante yetu ya Kichagga, kwa heshima kabisa, kama anavyomwambia mgeni. Kisha akaniuliza, "Na wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia jina la baba. Akafikiri sana. Akatikisa kichwa akasema samahani, baba, simkumbuki sura.

Wewe ulimwona bibi yako Desemba iliyopita, unajua hali yake, lakini hukujua kwamba jani lile kavu lililokuwa kwenye Biblia yake ni langu. Kila mtu anadhani analitunza kwa sababu ya dini. Hajui ni la nini. Msamaha wangu uko pale, umepokelewa, na hakuna aliyeutoa. Siwezi kupeleka jingine. Nimekwisha kulifikiria jambo hili kila upande, mwanangu, na sijaona pa kutokea. Amini nimemwambia mwezi uliopita. Alikata simu, na hajapiga.

Sasa sikiliza ninachokwambia, na usikichanganye na habari za gundi.

Kamera yako nimeibandua mpira wote, nimeifuta kwa spiriti, karatasi nimekata. Mpira mpya nitauweka kwa utepe mwembamba unaonata pande mbili, na pale kwenye kijimlango cha kadi, chini ya kidole gumba, nitasimama milimita nzima kabla ya ukingo. Njoo uichukue Alhamisi, Ijumaa uzunguke nayo siku nzima upige picha za kuku na migomba, uzitazame. Hayo ni ya ufundi, na ufundi unafundishika. Mtu yeyote anaweza kukosea kubandika mpira. Kosa langu mimi Mzee Ngowi alilikata kwa wembe.

Ninalokuusia ni hili lingine. Siku utakapoharibu kitu cha watu, na utaharibu, maana unafanya kazi, sema siku hiyohiyo. Sema wakati koti bado liko juu ya kiti na watu hawajapanda magari. Usingoje upate maneno mazuri, mimi nimeyatafuta miaka ishirini na zaidi na nilipoyapata hayakuwa na mtu wa kuyasikia. Wakikucheka, wakucheke. Wakikusifu kabla hujasema, katiza sifa zao katikati, hata kama anayekusifu ni baba yako na ni mara ya kwanza. Hasa kama ni baba yako. Na usimtwishe mwingine mzigo wako, maana akiubeba kimya utadaiwa shukrani zako mpaka kaburini na hatazipokea.

Jumamosi ukifika Machame, pitia kwa bibi. Mpige picha nzuri, peke yake, mbele ya masale. Mimi sitapanda, siwezi kushika kamera mbele ya ua ule. Akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, mtajie jina langu, hata kama halitamwambia kitu.

Mungu akuongoze, mwanangu, akupe mikono tulivu na mdomo usioogopa aibu. Akuzidishie kazi na watu wa kukupenda. Na siku utakapokuwa na neno la kukiri, akujalie umkute yule uliyemkosea akiwa bado anakuita kwa jina lako.